Tundu Dogo, Kazi Kubwa: Matibabu ya Kuongozwa kwa Picha
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Chala, Taveta na Voi

Kijitabu hiki ni cha nani

Mgonjwa wa Chala akienda Voi au Mombasa, huenda akaambiwa: "Tutakutoboa kidogo tu, huku tukiangalia kwenye picha." Hurudi nyumbani na maneno hayo machache, kisha jamaa na majirani huyajaza yaliyobaki. Mmoja atasema huo ni upasuaji mkubwa. Mwingine atasema ni sindano tu, haina haja ya maandalizi. Wa tatu atasema ni majaribio.

Hakuna aliyesema kweli kati yao. Kijitabu hiki kinaeleza matibabu hayo ni yapi, mgonjwa atapitia nini, na watu wa nyumbani wafanye nini. Kisome pamoja na atakayemsindikiza mgonjwa, kwa sababu kazi ya daktari huenda ikaisha kwa muda mfupi, lakini mrija, kidonda na dawa hutunzwa nyumbani kwa siku nyingi.

1. Ni matibabu gani haya?

Zamani, ili daktari afikie jipu ndani ya ini, figo iliyoziba au uvimbe uliojificha tumboni, ilibidi ampasue mgonjwa. Siku hizi sehemu nyingi za namna hiyo hufikiwa kwa sindano au mrija mwembamba unaopita katika tundu dogo la ngozi. Daktari habahatishi njia. Huitazama kwenye skrini wakati uleule anapoingiza sindano.

Picha anazotumia ni za aina tatu hasa:

- Ultrasaundi, ile ile inayotumiwa kliniki kumwangalia mtoto tumboni. Haina mionzi.
- Eksirei inayotembea, inayoonyesha mrija ukisogea mwilini papo hapo. Ina mionzi.
- Siti skani, inayoonyesha mwili vipande vipande kwa undani. Nayo ina mionzi.

Daktari anayefanya kazi hii ni mtaalamu wa radiolojia, yaani daktari wa picha, aliyesomea pia kutibu kwa kuongozwa na picha hizo. Kazi nyingine za aina hii, kama kutoa maji tumboni kwa ultrasaundi, hufanywa pia na madaktari wengine waliofunzwa.

2. Kazi zinazofanywa mara nyingi

*Kuchukua kinyama cha kupima.* Mtu akiwa na uvimbe kwenye titi, ini, shingo au pafu, picha peke yake aghalabu haitoshi kusema kama ni saratani. Sindano huingizwa hadi kwenye uvimbe, ikatoa vipande vidogo vya nyama ambavyo hupelekwa maabara. Jibu huchukua siku kadhaa au zaidi, na mara nyingine kinyama huwa hakitoshi, kazi ikarudiwa. Kuitwa tena hakumaanishi kwamba ugonjwa umezidi.

*Kutoa usaha na maji.* Jipu la ini, usaha uliobaki tumboni baada ya upasuaji, au maji yaliyojaa kifuani yanaweza kutolewa kwa mrija. Jipu kubwa huachiwa mrija kwa siku kadhaa hadi likauke. Dawa za kuua vijidudu huendelea kutumiwa, kwa sababu mrija hauchukui nafasi ya dawa.

*Kufungulia mkojo au nyongo.* Wakulima wa Taveta wanaijua mifereji ya kumwagilia: ukiziba huku chini, maji hurudi nyuma na kuharibu shamba la juu. Figo huharibika vivyo hivyo pale njia ya mkojo inapozibwa na jiwe, au na saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, ugonjwa unaowaletea wanawake wengi wa Afrika Mashariki tatizo hili. Daktari hutoboa mgongoni, upande wa figo, na kupitisha mrija unaotoa mkojo hadi kwenye mfuko wa nje. Nyongo ikiziba, macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na mwili huwasha. Hapo mrija hupitishwa kupitia ini. Mrija hautibu saratani, ila huiokoa figo au ini ili mgonjwa apate nguvu ya kuanza matibabu mengine.

*Kuziba mishipa inayolisha faibroidi.* Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kwa sababu ya faibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye kizazi, anaweza kutibiwa bila kutolewa kizazi. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa pajani au wa mkononi hadi mishipa ya kizazi, kisha chembechembe ndogo humwagwa humo ili faibroidi ikose damu. Hunywea polepole kwa miezi kadhaa. Maumivu ya saa 24 za mwanzo huwa makali na hutulizwa kwa dawa. Uchovu na homa kidogo vinaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Anayetaka kuzaa baadaye aliseme hilo mapema, kwani njia hii haimfai kila mwanamke.

*Kazi za mishipa ya damu.* Hizi ni pamoja na kuweka mpira wa dialisisi shingoni, kupanua mshipa uliobana mguuni, na kuziba mshipa unaovuja damu baada ya ajali au uzazi.

3. Zinapatikana wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Taveta. Kutoka hapo barua ya rufaa itakupeleka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, au Mombasa katika Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita Makadara. Kazi ndogo zinazohitaji ultrasaundi pekee huweza kufanywa karibu zaidi, ikiwa daktari wa kuzifanya yupo. Kazi nzito za mishipa ya damu hufanywa katika hospitali kubwa, kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, zote za Nairobi. Usifunge safari kabla ya kupiga simu kuuliza kama daktari na mashine vipo siku hiyo.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Jisajili kupitia *147# kabla ya kuugua, na hakikisha mchango wako umelipwa. Hospitalini uliza maswali mawili: kazi hii inalipiwa na SHA, na vifaa gani nitajinunulia? Mara nyingine mrija au sindano maalumu huwa haimo katika malipo.

Watu wengi wa Taveta huvuka mpaka wa Holili kwenda hospitali ya KCMC ya Moshi, Tanzania, kwa kuwa Moshi ni karibu kuliko Voi. Ukichagua njia hiyo, usitarajie SHA ilipe bili ya ng'ambo kwa sababu tu wewe ni mwanachama. Uliza kwanza, na rudi na karatasi zako zote ili kliniki ya huku iendelee ilipoishia ya kule.

4. Kabla ya siku yenyewe

*Taja dawa zote.* Weka dawa unazotumia kwenye mfuko mmoja uende nao. Taja hasa wafarini, klopidogreli, aspirini na dawa nyingine zinazolegeza damu, pamoja na metformini na insulini za kisukari. Taja na dawa za mitishamba. Hakuna atakayekugombeza, lakini baadhi yake huongeza kutokwa na damu. Usiache dawa ya kulegeza damu kwa uamuzi wako. Mwenye vali ya bandia moyoni akiiacha ovyo anaweza kupata kiharusi. Daktari ndiye atakayesema uache lini na uanze tena lini.

*Sema mambo haya hata usipoulizwa:*

- Una mimba, au siku zako zimechelewa.
- Unanyonyesha.
- Una pumu, au uliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya dawa ya picha, ile inayoingizwa mshipani ili picha ionekane vizuri.
- Una ugonjwa wa figo, kisukari au presha.
- Unatokwa na damu kwa urahisi, kama vile puani au kwenye fizi.

*Vipimo vya damu.* Utapimwa kiasi cha damu, jinsi damu inavyoganda, na kazi ya figo. Damu isipoganda vizuri kazi huahirishwa. Huko si kukufukuza, ni kukuepusha na damu isiyokatika.

*Kula na kunywa.* Ukiambiwa utapewa dawa ya usingizi au ya kukutuliza, kanuni ya kawaida ni kutokula kwa saa 6. Maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Chai ya maziwa, uji na maziwa lala vyote ni chakula. Mwenye kisukari aulize afanyeje na dawa yake ya asubuhi hiyo. Hospitali yako ikitoa maagizo tofauti, fuata ya hospitali.

*Beba:* kitambulisho, barua ya rufaa, picha zote za zamani na ripoti zake, majibu ya damu, nguo pana inayovuliwa kwa urahisi, na mtu mzima mmoja wa kukurudisha.

*Panga kulala.* Kutoka Mombasa hadi Chala ni safari ya kutwa nzima kwa mtu mgonjwa. Aliyetobolewa mshipa wa pajani, au kuchukuliwa kinyama cha ini, asifunge safari hiyo jioni ileile. Tafuteni ndugu wa kumlaza Mombasa au Voi, karibu na hospitali.

5. Fomu ya idhini

Kabla ya kazi utaombwa uweke sahihi au dole gumba. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, faida, hatari na njia nyingine zilizopo, kwa lugha unayoielewa. Bibi anayesikia Kitaveta, Kitaita au Kikamba vizuri kuliko Kiswahili atafutiwe mtu wa kumfasiria. Mtoto wake asimjibie.

Uliza:

1. Mnatafuta nini, au mnatibu nini?
2. Nisipofanya, itakuwaje? Kuna njia nyingine?
3. Hatari kubwa kwangu mimi ni ipi?
4. Nitatoka na mrija? Kwa muda gani, na nani ataubadilisha?
5. Majibu nitayapata lini, na nitayachukua wapi?

Tundu ni dogo, lakini hatari zipo: kutokwa na damu ndani, kupata vijidudu, kudhurika na dawa ya picha, au kazi kushindikana na kulazimu upasuaji. Anayetolewa kinyama cha pafu anaweza kupata hewa inayobana pafu, ndiyo maana hupigwa eksirei tena kabla ya kuruhusiwa. Daktari asiyetaja hatari hata moja hajamaliza kueleza. Mwulize tena.

6. Siku yenyewe, hatua kwa hatua

Chumba huwa cha baridi na kina mashine kubwa. Wahudumu huvaa aproni nzito za kuzuia mionzi, kwa kuwa wao huwa humo kila siku. Utalazwa kitandani, utaulizwa jina lako na kazi inayofanywa, na utawekewa dripu.

Ngozi itaoshwa kwa dawa ya baridi na kufunikwa kwa shuka safi. Usiiguse shuka hiyo. Kisha utachomwa ganzi. Hapo ndipo penye uchungu zaidi kwa walio wengi: huwaka kwa sekunde chache, halafu pakafa ganzi. Baada yake utasikia kusukumwa au kubanwa, lakini si uchungu mkali. Ukisikia uchungu mkali, sema. Kuna ganzi ya kuongeza.

Wengi hufanyiwa wakiwa macho, wakiwa na ganzi pekee au dawa ya kutuliza. Watoto, na baadhi ya kazi nzito, huhitaji nusu kaputi.

Utaambiwa: "Vuta pumzi. Zuia. Pumua." Fuata, kwa sababu ini na figo husogea unapopumua. Sindano ya kinyama hulia "ta!" inapokata, na hulia kila kipande kinapochukuliwa. Dawa ya picha ikiingia mshipani unaweza kusikia joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na kudhani umejikojolea. Hayo hupita. Lakini koo likibana, ngozi ikiwasha au pumzi ikikata, sema mara moja.

Kuchukua kinyama au kuweka mrija kwa kawaida humalizika ndani ya saa 1. Kuziba mishipa ya faibroidi huchukua muda mrefu zaidi. Jamaa wanaosubiri nje wasishtuke ikichelewa. Matayarisho peke yake hula muda.

7. Saa za kwanza baadaye

Muuguzi atakupima presha na mapigo mara kwa mara. Ukitobolewa pajani, utalala chali mguu ukiwa umenyooka kwa saa kadhaa. Usiukunje mguu, na usiinuke kwenda chooni. Omba bedipani. Ukitaka kukohoa, bana pale palipotobolewa kwa mkono.

Kabla hujaondoka wodini, hakikisha una: karatasi ya kuruhusiwa inayosema kilichofanywa, tarehe ya kurudi, dawa, mifuko ya akiba ikiwa una mrija, na nambari ya simu ya wodi au kliniki.

8. Kuishi na mrija nyumbani

Chagueni watu wawili wa kufundishwa wodini, asiwe mmoja tu. Kila mmoja amwage mfuko na kubadilisha bandeji mbele ya muuguzi kabla ya kuruhusiwa.

- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mrija.
- Mfuko ukae chini kuliko mahali mrija unapotokea, ili uchafu usirudi ndani. Usiuburute sakafuni.
- Mwaga mfuko kabla haujajaa, ukifika nusu au zaidi kidogo. Andika siku, kiasi na rangi kwenye daftari. Daktari atalitaka daftari hilo.
- Bandeji iwe kavu. Ikilowa au ikichafuka, badilisha.
- Ukiagizwa kuusafisha mrija kwa maji ya dripu ya chumvi, tumia yaliyotoka hospitalini tu, na usisukume kwa nguvu. Maji ya bomba au ya mfereji hayafai, hata yakichemshwa.
- Usipake majivu, asali, mafuta wala dawa ya miti kwenye tundu.
- Oga kwa kujipangusa au kwa kufunika bandeji. Usiogelee Ziwa Chala, wala usiingie kwenye mifereji ya shamba.
- Usipande bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Mrija hung'olewa kwa mtikisiko au kwa kunaswa na nguo.
- Usibebe ndoo ya maji wala mkungu wa ndizi.

Mrija wa figo hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, hata kama unatoa vizuri, kwa sababu huziba kwa chumvi za mkojo. Wengi hurudi na homa kali kwa kuwa waliona "haina shida" wakaacha tarehe ipite. Wekeni nauli ya siku hiyo kando mapema.

Mrija ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Funika tundu kwa bandeji safi, beba mrija uliochomoka, na uende hospitali siku hiyohiyo. Tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, na likishajifunga kazi yote hurudiwa.

9. Dalili za kukimbilia hospitali, usiku au mchana

- Damu inayochuruzika isiyokoma baada ya kubana kwa dakika 10.
- Uvimbe unaokua kwa haraka pale palipotobolewa.
- Mguu au mkono uliotobolewa kuwa baridi, mweupe au kufa ganzi.
- Kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, tumbo kuwa gumu.
- Kifua kubana au kukosa pumzi.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
- Mrija uliokuwa ukitoa umeacha ghafla, na maumivu yameanza.
- Mkojo au maji ya mrija kuwa damu tupu, au usaha kuanza kutoka. Wekundu kidogo katika siku moja au mbili za mwanzo ni kawaida.
- Baada ya matibabu ya faibroidi: uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Usingoje gari la asubuhi la kwenda Voi. Nenda hospitali iliyo karibu, onyesha karatasi yako, nao watawasiliana na waliokutibu.

10. Maneno yanayosemwa mitaani

*"Saratani ikiguswa na chuma husambaa."* Hofu hii huwachelewesha wengi. Kusambaa kwa sababu ya sindano hutokea kwa nadra sana, na daktari huchagua njia ya sindano akilijua hilo. Kinachoisambaza saratani mara nyingi ni miezi inayopita bila matibabu. Bila kinyama, daktari hajui atumie dawa gani.

*"Haya ni majaribio."* Mshipa wa mguu ulifunguliwa kwa mrija bila kupasua kwa mara ya kwanza tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, na Dakt. Charles Dotter. Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka 82 aliyekuwa akikabiliwa na kukatwa mguu. Kwa Afrika Mashariki, kilichokosekana kwa muda mrefu ni wataalamu. Jirani zetu Tanzania walianza mafunzo ya wataalamu hao katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2018, wakisaidiana na walimu kutoka Chuo Kikuu cha Yale.

*"Mionzi itaniletea ugonjwa mwingine."* Ultrasaundi haina mionzi kabisa. Kwa eksirei na siti skani, daktari hutumia kiasi kidogo kiwezekanacho, na kwa mgonjwa mwenye figo iliyoziba au jipu la ini, hatari ya kukaa bila kutibiwa ni kubwa zaidi. Mwenye mimba aseme mapema ili picha ya aina nyingine ifikiriwe.

*"Tundu ni dogo, kesho narudi shambani."* Kidonda cha nje hakionyeshi kilichofanywa ndani. Pumzika angalau siku chache bila kuinua mizigo, au muda wowote ulioandikiwa.

Kadi ya mgonjwa: kata, jaza, weka pamoja na kitambulisho

Jina: ........................
Kazi iliyofanywa na tarehe: ........................
Hospitali na simu ya wodi: ........................
Mrija upo? Ndiyo / Hapana. Uko wapi mwilini: ........................
Tarehe ya kubadilishwa au kutolewa: ........................
Dawa iliyosimamishwa, na tarehe ya kuianza tena: ........................
Dawa zinazonidhuru: ........................
Majibu ya kinyama yatachukuliwa lini, na nani: ........................
Watu wawili waliofundishwa kutunza mrija: ........................
Gari la dharura usiku, jina na simu: ........................

Mwonyeshe kadi hii mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako katika wiki ya kwanza. Akijua tarehe yako ya kurudi, atakukumbusha.